Chini ya Gari la Kijani

Asubuhi ile Marcelline alijipaka marashi, akanawa shingo ili kuyapunguza, kisha akajipaka tena. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye duka la vitenge mtaa wa Birere, mjini Goma, na binti anayesoma chuo kikuu, anahangaika hivi kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya gari, alijiambia mbele ya kioo. Ninaenda kuangalia gari. Lakini gari halina pua, na yeye alilijua hilo vizuri.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la viti viwili, la kijani kilichokolea, lenye paa la turubai linalokunjwa na kulala nyuma ya viti. Lilikuwa limetumika miaka mingi huko Japani, likaingia kwa mpaka wa Bunagana, na sasa lilisimama katika uwanja wa Donat, muuza magari wa mtaa wa Himbi. Marcelline alilipita siku moja akitoka misa, akarudi nyuma hatua tano kulitazama, na tangu siku hiyo moyo wake haukutulia.

Wateja wake walicheka. Dada zake wa Butembo walicheka kwa simu mpaka mtandao ukakatika. Mzee Sikuli, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, hakucheka. Alikuja dukani, akakataa kiti.

"Mujane wa mudogo wangu, ndani ya gari isiyo na kichwa," alisema. "Watu wataona nini?"

"Wataniona mimi, Papa Sikuli."

"Njo hiyo naogopa."

Na huyo huyo mzee Sikuli ndiye aliyeshikilia jambo jingine, kubwa kuliko gari. Wiki sita zilizopita, fundi wa magari aitwaye Célestin alikwenda kwake, amevaa koti la kuazima, akamwomba kwa heshima zote ruhusa ya kuleta wazee wake waje kumposa Marcelline. Sikuli alijibu kwamba atafikiri. Mpaka leo alikuwa bado anafikiri.

"Mutu wa Masisi, mutoto wa wafugaji," alimwambia Marcelline. "Atajua nini ya desturi yetu?"

"Anajua kukaa kimya mutu akiwa na huzuni," Marcelline alijibu. "Kwetu ni wangapi wanajua hiyo?"

Kwa miaka miwili Célestin alikuwa akija kila Alhamisi kutazama pikapu ya Marcelline. Alilala chini ya gari nusu saa, akatoka, akanawa mikono, akanywa chai, akasema mambo machache. Siku moja hakuja kwa sababu ya malaria, na Marcelline aligundua kwamba chai haina ladha. Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoingia katika nyumba ile, bila kubisha.

Asubuhi ile Marcelline alikuwa anafunga kamba za viatu wakati Bénie, binti yake, aliposukuma mlango na kuufunga nyuma yake.

"Mama, kuna kitu. Sikutaka kukuambia."

"Sema."

"Jana nilipeleka sufuria ya sombe kwa Papa Sikuli. Célestin alikuwa kule. Walikuwa kwa baraza, hawakuniona." Bénie aliangalia sakafu. "Papa Sikuli alimwambia, 'Kesho utaangalia ile gari. Umwambie imeoza. Ukifanya vile, ulete wazee wako dimanche, nitawapokea.'"

Marcelline aliachilia kamba ya kiatu.

"Na yeye?"

"Alisema, 'Nimesikia, muzee.'"

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo tu. Kisha alivaa kofia yake na akaenda."

Nimesikia, muzee. Marcelline alilibeba neno lile njia nzima, nyuma ya pikipiki, akiwa ameshika kilemba kwa mkono mmoja. Wazee kupokewa Jumapili! Alikuwa amekiomba kitu hicho kila jioni kwa wiki sita. Sasa kilikuwa karibu, na bei yake ilikuwa uongo mmoja mdogo. Je, ni mwanaume gani angeukataa? Na kama hakuukataa, yeye angeolewa na mwanaume wa namna gani?

Célestin, ambaye Marcelline alikuwa amemwomba alikague gari, alikuwa amefika kabla yake katika uwanja wa Donat. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini kasoro mmoja, na chini ya nguo zake za kazi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alipomwona alitabasamu kwa macho kwanza, kama kawaida yake.

"Umeamka aje, Mama Bénie?"

"Nimeamka."

Tabasamu likabaki nusu. Aliuhisi ubaridi ule, lakini hakujua umetoka wapi.

Donat alileta ufunguo akiushika kwa vidole viwili kama hostia. "Mujaribu mpaka Mugunga, barabara iko bien, nzuri kabisa," alisema. "Décapotable, gari ya wazi kama hii, Goma yote, hakuna ya pili. Mama, gari hii ilikuwa inakungoja."

Marcelline aliketi kulia, upande wa usukani wa magari ya Japani. Célestin aliketi kushoto kwake, magoti yakagusa mbele. Paa likakunjwa. Wakatoka.

Alikuwa ameapa moyoni kubaki na uso mgumu, lakini kabla ya kufika Kyeshero upepo ulikiondoa kilemba chake, Célestin akakidaka hewani, na Marcelline akacheka. Hakuweza kujizuia. Watoto walikimbia kando ya barabara wakipiga kelele. Mwanamke mwenye beseni la samaki wa sambaza kichwani alisimama, akapiga makofi kwa mshangao, kisha akampungia mkono. Jua liliwaka juu ya nywele zake alizozisuka jana.

"Papa yangu alikuwa anabeba samaki kutoka Vitshumbi," alisema kwa sauti kubwa, ili upepo usimnyang'anye maneno. "Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa napanda juu kabisa ya kamyo, juu ya magunia ya samaki ya chumvi, naimba. Tukifika Butembo ninanuka mpaka mama anakataa kunishika. Kisha nikaolewa, nikaketi ndani, vioo vimefungwa ju ya mavumbi. Miaka ishirini na mbili, Célestin. Vioo vimefungwa."

Alipomgeukia Célestin, alimkuta anamtazama. Hakuwa akitazama gari wala barabara. Alimtazama yeye, kilemba chake kikiwa magotini mwake, na katika macho yale kulikuwa na furaha tupu ya kumwona mtu mwingine akifurahi. Marcelline alihisi uso unapata moto. Mtu anayetazama hivi, alijiuliza, anaweza kunidanganya?

Wakaingia kwenye kona. Mlango wa upande wa Célestin ulilia, kelele ndogo kama ya panya. Macho yake yakabadilika. Aliweka kiganja juu ya ukingo wa mlango, akasubiri kona ya pili, akasikiliza.

"Punguza mwendo," alisema.

"Ju ya nini?"

"Punguza tu. Turudie pole pole."

Furaha yote ikamtoka. Imeanza, aliwaza. Ameanza kazi ya shemeji.

Walirudi bila neno. Kwenye lango la Donat, mahali palipomwagwa maji, Célestin alishuka na kuchuchumaa mbele ya alama za magurudumu. Alipima kwa shubiri, akapima tena. Kisha aliliinua gari kwa jeki, akaweka vigogo viwili vya mbao chini yake lisianguke, akatandika katoni juu ya changarawe nyeusi, akaingia chini. Alikaa kule muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kutu kwenye kola ya shati lake jeupe, na hakumtazama Donat.

"Usinunue, Mama Bénie."

"Imeoza?"

"Imeoza."

"Neno lile lile!" Marcelline alicheka kicheko kibaya. "Hata haukutafuta ingine."

"Neno gani?"

"Neno ya Papa Sikuli. Useme imeoza, ulete wazee dimanche. Ama nimekosea?"

Célestin alivua kofia. Alionekana kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Haukukosea. Alisema vile."

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Nilimujibu nimesikia."

"Maana yake?"

"Maana yake nilisikia. Masikio yangu iko mazima." Alizungusha kofia mikononi. "Mutu hawezi kumwambia muzee 'hapana' kwa baraza yake, mbele ya chai yake. Lakini 'ndiyo' haikutoka kwa kinywa yangu."

"Célestin, nimeuzisha bikwembe, hivi vitenge, miaka ishirini. Wanaume wameapa mbele yangu kwa jina la Bikira Maria kwamba rangi haitoki. Usinichezee."

"Basi niangalie."

Alimwangalia. Aliona mapenzi, na aliona woga, na hilo ndilo lililomtesa, kwa maana mwongo anaogopa na mkweli anaogopa.

"Tangu jana nilikuwa namuomba Mungu gari hii iwe nzima," Célestin alisema. "Ingekuwa nzima, ningekuambia nunua. Muzee angenifukuza, lakini wewe ungejua mi niko mutu gani. Sasa imeoza kweli. Nikisema ukweli, unaona niliuzisha mudomo wangu. Nikisema uongo, utanipenda leo, na siku moja kwa barabara ya Sake itakatika katikati, na wewe uko ndani. Nimefikiri kule chini. Nimechagua. Unichukie, lakini uishi."

"Fundi, unaua biashara ya watu!" Donat alilia.

Marcelline hakumsikia. Alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda kilima.

"Nionyeshe," alisema.

"Ni kwa chini kabisa. Nguo yako itachafuka."

"Nguo nauzisha mimi. Nionyeshe."

Célestin alileta katoni ya pili. Na Mama Bénie wa Birere, ambaye wateja humwita madame, alikusanya kitenge chake katikati ya magoti, akalala chali juu ya changarawe, akajivuta chini ya gari la kijani. Célestin aliingia kutoka upande wa pili. Mabega yao yaligusana. Kulinuka mafuta na udongo, na katika nafasi ile ndogo, marashi yake yaliyojaa kupita kiasi.

"Hii ni sumaku," alisema Célestin kwa sauti ya chini. "Shika. Iweke hapa."

Ilinata. Akaisogeza. Ilinata. Akaisogeza tena shubiri moja, nayo ikaanguka na kumgonga kwenye kidevu.

"Hapo si chuma," alisema Célestin. "Ni mastiki ya kuziba, na rangi juu yake." Alikwaruza kwa bisibisi. Vipande vikadondoka, na chini yake ukaonekana mstari mnene wa kuchomelea, uliokata sakafu ya gari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Huku rangi ya asili ilikuwa kijani. Kule, chini ya kijani, ilikuwa nyeupe. "Hizi ni gari mbili, Mama Bénie. Moja iligongwa mbele, ingine iligongwa nyuma. Mutu alikata, akaunga yale mazima. Ndiyo maana magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele. Leta kidole."

Alimshika mkono. Aliuongoza juu ya ule mshono mpaka mahali penye kutu, na kidole cha Marcelline kikazama ndani kama katika mkate. Hapo palikuwa chini ya kiti alichokuwa amekalia akicheka.

Chembe ya kutu ilimwangukia shavuni, na Célestin akaipangusa kwa ukingo wa shati lake, polepole, akitafuta sehemu safi ya mkono ili asimpake mafuta.

"Nilikufikiria vibaya," Marcelline alinong'ona.

"Ulikuwa na sababu."

"Ile pikapu yangu, Alhamisi zote zile. Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Haikuwa na ugonjwa."

"Nilijua."

"Nilijua unajua, Marcelline."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Walilala pale, macho kwa macho, katika giza lile la mchana, na hakuna aliyeona haraka ya kutoka.

"Mama?" Donat aliita kutoka juu. "Mama, mumelala?" Kisha akapiga magoti, akaingiza kichwa, akauona mshono. "Mungu wangu," alisema. "Hii nilinunua na macho yangu mbili."

Walipojivuta nje, wakapangusana changarawe mgongoni, mzee Sikuli alikuwa anaingia langoni. Alikuwa na koti lake la kijivu na viatu vilivyong'arishwa.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sitanunua, Papa Sikuli," Marcelline alisema. "Imeoza."

Uso wa mzee ulifunguka. Alimwendea Célestin, mkono mbele. "Uko mutu wa neno. Dimanche, saa kumi, ulete wazee wako."

Célestin hakuushika ule mkono. Marcelline alijua anachotaka kufanya, na moyo wake ulimlilia: nyamaza, mpenzi, nyamaza tu, tumekwisha kupata! Lakini pia alijua kwamba akinyamaza, hawatakuwa wamepata kitu.

"Mukono yangu iko na mafuta, muzee," Célestin alisema. "Na kuna kitu lazima ujue. Sikusema vile ju yako. Gari imeoza kweli. Kama ingekuwa nzima, ningemwambia anunue."

"Ningekuwa nimekukataza, na ungemwambia?"

"Ningemwambia."

"Ungekosa mwanamuke."

"Ningemukosa. Lakini yeye angekuwa na fundi asiyemudanganya."

Mkono wa mzee ulishuka. Donat alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Marcelline alisogea hatua moja, tayari kusema yote aliyoyabeba kwa wiki sita, lakini Sikuli alikuwa hamtazami. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Siku ya Kabasha," alisema polepole, "kamyo ilikuwa yangu."

Hakuna aliyeuliza Kabasha gani. Miaka mitano iliyopita, kwenye mteremko ule wa njia ya Butembo, Kambere, mume wa Marcelline, alikufa pamoja na shehena ya kabichi.

"Nilimwuliza fundi, freni iko namna gani? Aliona niko na haraka. Aliniambia, 'Iko bien, patron.' Alijua haiko bien. Aliniambia kitu nilitaka kusikia." Alimgeukia Marcelline. "Mama Bénie, ukitaja gari, mi naona ile kona. Ile ya watu wataona nini, nilitafuta tu ya kusema."

"Miaka mitano," Marcelline alisema. "Hujaniambia."

"Ningekuambia na kinywa gani?"

Alimtazama mzee huyu aliyemkasirikia wiki zote zile, akaona tu mtu aliyebeba ndugu yake mgongoni peke yake. Alimshika mkono wa koti.

"Haukujua, Papa Sikuli."

"Sikutaka kujua. Si kitu moja." Alipangusa uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Kisha akavua koti na kumpa Donat. "Célestin. Nionyeshe na miye."

"Muzee, ni kwa chini."

"Naona ni kwa chini."

Célestin alivitikisa vigogo kuhakikisha vimesimama imara, akampa tochi na sumaku, akamsaidia kulala. Mzee Sikuli, mwenye miaka sitini na minane, mshauri wa parokia, alitoweka chini ya gari la kijani mpaka vikabaki nje viatu vyake tu, ncha zikitazama mbingu. Ikasikika sumaku ikinata, ikinata, kisha ikianguka.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Weka kidole, muzee."

"Kinaingia."

"Ndiyo."

Tochi ilizunguka kule chini.

"Angeketi juu ya hii," sauti ilisema.

"Angeketi juu ya hii."

Marcelline alimsogelea Célestin. Alimshika mkono, mafuta na kutu na yote, vidole katikati ya vidole. Yeye alishtuka, akatazama viatu vya mzee, akatulia.

"Bado nataka gari ya wazi," alimnong'oneza. "Nzima. Utanitafutia?"

"Barabara ya Goma na gari fupi kama hii, tumbo yake itagonga kila jiwe."

"Sikuuliza mawe. Niliuliza wewe."

"Nitakutafutia," alisema, na kidole gumba chake kikapita juu ya kiganja cha Marcelline. "Hata kama nitaenda mpaka Kampala na miguu."

"Célestin!" iliita sauti kutoka chini.

"Muzee?"

"Dimanche haitawezekana, niko na mukutano wa parokia. Uwalete samedi, siku moja mbele yake, siwezi kungoja wiki ingine. Na waje na njaa."

Marcelline aliyakaza macho yake yasimwage machozi, yakamwaga.

"Aksanti, muzee," Célestin alisema.

"Mama Bénie."

"Papa Sikuli?"

"Kutoka hapa naona viatu vyenu. Viko karibu sana. Musogee kidogo, harusi bado."

Hakuna kiatu kilichosogea.